Mtu Kando ya Neno Lake

Sogeeni karibu, na mwenye shaka akae mbele nimwone macho. Leo nawapeleka Shini, nchi ambayo hamtaikuta kwenye ramani yoyote. Anayetaka kujua njia asiniulize. Aliyenisimulia hakuniambia, na mimi sikumbembeleza. Ninachojua ni kwamba Mwanaheri binti Athumani alifika langoni kwake siku moja kabla kidogo ya adhuhuri, kanga kaifunga kiunoni, uso kaukunja, tayari kugombana na mtu wa kwanza atakayemtazama vibaya.

Mwanaheri alikuwa mnunuzi wa sandarusi huko Lindi. Kazi hiyo, kwa wasioijua, ni kazi ya kutoamini. Wachimbaji wanakuletea gunia la utomvu uliokaa ardhini miaka na miaka mpaka ukawa mgumu, na katikati wamechanganya ule mbichi uliodondoka mtini juzi. Usipokuwa na macho, umeliwa. Basi yeye alikuwa akikikwaruza kila kipande kwa ukucha, anakinusa, anakiuma, na akishakiuma anamtazama tena mwuzaji usoni. Tabia hiyo ilitoka dukani ikamfuata mpaka nyumbani. Muuza maziwa wa mtaani kwao alikuwa akiomba Mungu mlango ufunguliwe na mtu mwingine.

Alikuwa amekuja kumtafuta mdogo wake, Mbaraka. Miaka saba ilikuwa imepita tangu Mbaraka aende Shini na mzigo wa sandarusi, na miaka yote hiyo mama yao alikataa katakata mwanawe asomewe hitma. Ndugu walisema wee, mama akaziba masikio. Kisha akapita mfanyabiashara mmoja akasema amemwona Mbaraka huko Shini, mzima wa afya, amesimama uwanjani. "Amesimama anafanya nini?" aliuliza Mwanaheri. "Amesimama tu," akajibu yule. Mama akajifunga ushungi wake, akamwambia bintiye, "Nenda kanirudishie mwanangu. Akikwama yeye, ukwamue. Lakini usinirudie na maneno matupu."

Haya. Langoni palikuwa na foleni, na mvua ilikuwa ikinyesha ile ya kweli. Mama mmoja aliyekuwa mbele yake aligeuka, maji yakimchuruzika puani, akamwuliza kwa adabu, "Je, unadhani kunanyesha?"

Mwanaheri akamtazama juu mpaka chini. "Kwani wewe huoni?"

"Je, ni lazima mimi ndiye nione?"

Mwanaheri akaushika mzigo wake kwa mikono miwili. Alikwisha kuona wezi wa namna nyingi sokoni, na huyu wa kuuliza habari ya mvua huku ameloa chapachapa alimtia wasiwasi kuliko wote.

Mkuu wa lango alikuwa mtu mwembamba, sauti laini, kucha safi, jina lake Bwana Sheng. Cheo chake kilikuwa Mpokea Kauli. Akamwuliza mgeni wake jina, atokako na alijialo, na Mwanaheri akajibu kama mtu yeyote mwenye akili timamu angejibu: "Naitwa Mwanaheri binti Athumani. Natoka Lindi. Nimekuja kumchukua ndugu yangu Mbaraka."

Loo! Foleni nzima ilirudi nyuma hatua tatu. Yule mama wa mvua akaziba masikio kwa viganja. Makarani watatu walirukia kalamu zao za manyoya, na ubao mmoja ulikwisha kuinuliwa wakati Bwana Sheng alipoinua kidole kuwazuia. Akaelekeza kidole hicho ukutani, ambako sheria ya nchi ilikuwa imechongwa kwenye jiwe, na juu ya sheria hiyo palikuwa na alama moja kubwa kama mlango wa msikiti: 信. Akaisoma sheria kwa sauti. Huko Shini kusoma si kusema, na ndiyo maana wakuu wao wanapenda mno kusoma.

"Kila asemaye jambo atasimama kando ya ubao ulioandikwa jambo hilo, mpaka lithibitike. Swali si jambo. Amri si jambo. Salamu si jambo. Mgeni ana siku moja, adhuhuri hadi adhuhuri, ambayo maneno yake hayaandikwi, kwa kuwa hakuna atakayeyaamini. Mgeni hufunguliwa lango mara moja katika maisha yake."

"Na ndugu yangu yuko wapi?"

"Je, hupendi kuuona uwanja wetu?" akauliza Bwana Sheng, na akatabasamu kwa namna ambayo Mwanaheri hakuipenda hata chembe.

Uwanja wenyewe ulikuwa mkubwa, mtu hauoni mwisho wake. Mbao zilisimikwa safu kwa safu, na kando ya kila ubao mtu. Huko hawalali chini wala hawaketi, isipokuwa kwenye kigoda kimoja kifupi wanachopewa saa za kula. Palikuwa na mwanamke aliyesimama na ubao usemao SIKUIBA. Palikuwa na mzee aliyenyauka, ndevu mpaka kifuani, na ubao wake ulisema NAKUPENDA. Aliyeambiwa alikwisha kuolewa kwingine na kupata wajukuu, na mpaka leo ofisi haijapata njia ya kulithibitisha neno lile. Palikuwa na mwuza samaki aliyesema ni wabichi. Samaki walikwisha kutupwa zamani, sasa utawapima na nini?

Wa katikati kabisa alikuwa mtu mnene, mchangamfu, aitwaye Koi, akitafuna njugu. Ubao wake ulikuwa na mapambo: DARAJA LITAKAMILIKA KABLA YA MVUA. Maneno hayo aliyasema waziri, miaka arobaini nyuma, na kwa kuwa waziri ana shughuli nyingi, sheria inamruhusu kuweka mtu wa kumsimamia. Baba yake Koi ndiye aliyesimama kwanza. Alipozeeka akamwachia mwanawe mahali hapo, na Koi alikuwa amesimama kwa fahari yote, mgongo ukielekea mto, ambako lilionekana nusu ya daraja.

Ndipo Mwanaheri akaona ubao wa jirani wa Koi, umeandikwa kwa Kiswahili, kwa maana huko ubao huandikwa kwa lugha ya msemaji asije akakana. DADA YANGU ATANIFUATA. Kando yake alisimama mwanamume mwenye mvi kichwani na miguu iliyovimba vifundoni. Akatupa mzigo chini akamkimbilia.

"Mbaraka! Mdogo wangu! Ni mimi!"

Yule mwanamume alimtazama kwa muda mrefu, bila kupepesa. Midomo ilimfunguka, kisha akaibana. "Je," akauliza polepole, "si ndivyo walivyosema na wale wawili waliokutangulia?"

"Wawili gani?"

"Je, hawakuja hapa wanawake wawili na kanga zao, kila mmoja akijiita dada? Je, hawakutumwa kunipima? Je, nilipomkumbatia yule wa kwanza, sikuongezewa mwaka kabla ya shauri langu kusikilizwa tena?"

Mwanaheri akarudi nyuma. Mtu aliyekuwa mbele yake alikuwa na pua ya baba yao, hilo halina ubishi. Lakini pua ni pua. Lindi nzima imejaa pua zile. Mbaraka aliyemjua yeye alikuwa mwembamba, mcheshi, mwenye kusema kabla ya kufikiri. Huyu alikuwa mzito, na maneno yake yalitoka moja moja, kila moja na alama ya kuuliza mwishoni. Mwanaheri akamwomba aseme jina lake tu, jina la baba na la mama. Yule akauliza kama haikutosha kuwa na ubao mmoja.

"Na nani alikwambia nitakufuata?" akasema Mwanaheri, hasira zikimpanda. "Mimi nilikuahidi hivyo lini? Tuliachana tumenuniana, wala mlangoni sikutoka!"

"Je, siku yangu ya ugeni ilipokwisha, walipouliza langoni kama nina mtu nyuma yangu," akasema yule, "ulitaka nijibu kwamba niko peke yangu?"

Hapo Mwanaheri alikaribia kulia, na angelia, lakini Koi alimwinamia kutoka ubao wake na kumnong'oneza, "Je, hujasikia, bibi, kwamba watu wa uwanja huu hubadilishana mahali? Je, huoni kwamba mtu mwenye neno gumu anaweza kumwachia mwingine ubao wake, akatoroka? Je, unajua ni nani hasa unayemwita ndugu?" Kisha akarudi kwenye njugu zake. Mtu huyu alikuwa akipanda shaka kichwani mwa jirani huku anatafuna, wala hakuona kwamba amefanya jambo lolote.

Hata hivyo mchana ulikuwa bado mrefu, na Mwanaheri si mtu wa kukaa kitako akaomboleza. Aliuliza ni nani mwenye uwezo juu ya sheria ile, naye akaonyeshwa jumba la Idara ya Asili. Huko ndiko wanakochunguza alama ilikotoka na maana yake, kwa sababu nchi yote imesimama juu yake. Mkuu wa Idara alikuwa Bibi Ruo, mama wa makamo mwenye wino mpaka viwikoni. Mwanaheri alipomsalimu akaitikia. Alipomwuliza hali ya afya akaulizwa swali. Lakini alipoigusa ile alama iliyotundikwa ukutani, Bibi Ruo akafunguka kama bomba lililopasuka, maana huko Shini jambo lililopita miaka elfu moja halihitaji msimamizi. Mtu yeyote anaweza kusema ukweli wote kuhusu wafu.

"Hii tuliipokea kutoka kwa Wachina wa kale," akasema. "Upande wa kushoto ni mtu. Upande wa kulia ni neno. Chini kabisa ni mdomo, na mistari hii ya juu ni kile kinachotoka mdomoni. Mtu na neno lake. Walipotaka kuandika uaminifu, au ukweli, au kuamini, waliandika hivi."

"Basi ikawaje?"

"Basi wazee wetu wakaona mtu amesimama kando ya neno. Wakatunga sheria."

Mwanaheri aliitazama tena ile alama, akiwa na hakika kwamba amesikia vibaya. "Mmeona picha ya mtu kando ya neno, mkawasimamisha watu kando ya maneno?"

Bibi Ruo akaliruka hilo. Lilikuwa la karibu mno, lahusu watu walio hai. Akavuta sanduku, akatoa nakala zilizochorwa kutoka vyombo vya shaba na vipande vya mianzi. Kwenye moja hapakuwa na neno, ila mtu na mdomo tu. Kwenye nyingine mtu mwenyewe hakuwepo kabisa: palikuwa na neno, na chini yake moyo. Akasimulia jinsi Idara ilivyogawanyika, miaka elfu na zaidi iliyopita, kwa ajili ya vipande hivyo. Chama cha Mtu kilitaka asemaye asimame. Chama cha Mdomo kilitaka midomo yote isajiliwe na ifungwe wakati haitumiki. Chama cha Moyo kilisema mwili usisimamishwe, utazamwe moyo peke yake. Wakaombwa waeleze moyo unatazamwaje, mmoja wao akaleta kisu, na mjadala ukaahirishwa. Palikuwa na kundi la nne pia, wachache, waliosema kwamba pengine yule mtu aliwekwa pale ili kuonyesha tu alama inavyotamkwa, na hana maana nyingine. Hao walipewa viti karibu na mlango, na wahudumu wa chai wakaambiwa wasifike huko.

"Kisha karne zikapita," akaendelea Bibi Ruo, macho yakimng'aa, "na Wachina wakaanza kuitumia alama hiyohiyo kwa mjumbe anayepeleka habari. Baadaye ikawa na ya barua yenyewe."

"Mjumbe!" Mwanaheri akaruka. "Mama wee, mjumbe anayesimama ni mjumbe gani huyo? Mtu huyo anatembea! Neno linabebwa, linapelekwa kwa watu! Waambie wakubwa zako!"

Bibi Ruo akautazama mlango, akapunguza sauti mpaka ikawa kama ya mgonjwa. "Je, unafikiri hilo halijaonekana? Je, unajua ni nani alikaa kwenye kiti hiki kabla yangu? Je, hukumwona uwanjani, safu ya sita, yule mzee mwenye ubao usemao TUMEKOSEA?"

Na mimi nawaongezea, kwa kuwa Bibi Ruo hakuthubutu, maana jambo hili ni la juzi juzi. Mfanyabiashara wa Kichina, mwuza majani ya chai, alipita Shini akaiona ile alama ukutani, akauliza inafanya nini pale. Walipomweleza alicheka mpaka akashika mbavu. Akawaambia kwao hiyo huandikwa kila siku, kwenye bahasha na kwenye mikataba, na wanaoiandika wamo waongo na wamo wakweli kama kwingine, na hakuna aliyewahi kusimamishwa uwanjani kwa ajili ya umbo lake. Bwana Sheng akamwuliza kwa upole kama yuko tayari kusimama kando ya maneno hayo. Yule Mchina aliacha chai yake yote langoni akaondoka, na Shini wakaandika kwenye vitabu vyao kwamba hata wenye alama yao wenyewe hawaielewi.

Kesho yake asubuhi Mwanaheri alirudi uwanjani, usingizi haukumjia vizuri kwa sababu hakuamini kitanda. Zilibaki saa chache. Bwana Sheng alikuwa akimngoja na karani wake, na mkononi ameshika ukurasa. Akausoma.

"Neno lisemalo kwamba mtu atakuja, hutimia pale aliyekuja atakaposema kuwa ndiye, na kusimama kando ya kauli yake. Hapo aliyesimama kwanza huachwa huru, na lango huwa wazi kwake kutoka na kuingia. Aliyesimama badala yake hufunguliwa kwa barua ya kadhi wa kwao."

Mwanaheri alisikiliza neno kwa neno, akitafuta mahali pamefichwa ule utomvu mbichi. "Kwa nini msiniache mimi niende nikailete hiyo barua?"

"Je, lango halifunguliwi mgeni mara moja tu?"

"Nikisema, huyu anaondoka leo?"

"Je, atabaki afanye nini?"

Akaelewa. Na mkae mkielewa na nyinyi, maana hapa ndipo hadithi ilipo. Maneno ya kabla ya adhuhuri hayaandikwi, basi akinyamaza adhuhuri ikifika, anaondoka mikono mitupu, lango linafungwa nyuma yake, na yule mtu anabaki pale mpaka afe. Akisema, anasimama yeye, na maisha yake yote anayaweka mikononi mwa mtu mwenye miguu miwili na njia ndefu mbele yake. Kama ni Mbaraka, atakwenda Lindi kwa kadhi na atarudi na barua. Kama ni mtu wa kubadilishana mahali, basi atapita lango lile akicheka, na Mwanaheri atasimama kwa ajili ya mgeni mpaka nywele zake ziwe nyeupe. Na ofisi ya Bwana Sheng haitapoteza chochote. Ubao mmoja unashuka, mwingine unapanda, safu haina pengo. Mwanaheri alimtazama yule Mpokea Kauli na kucha zake safi, akahisi kwamba mtego huu haukutengenezwa leo.

Akamgeukia yule mwanamume. Akamwuliza jina la paka wao. Yule akauliza kama si Mpemba. Ni kweli, alikuwa Mpemba. Akamwuliza mlango wa jikoni ulivyokuwa unalia. Yule akauiga mlio, sawasawa kabisa. Na kila alichojibu, Koi wa pembeni alikuwa akitikisa kichwa pamoja naye, kwa kuwa katika miaka saba Koi alikwisha kusikia yote. Mtu yeyote wa safu ile angeweza kujibu.

"Mtungi wa mama," akasema mwishowe, bila hata kujua kwa nini. "Ule mkubwa wa maji. Nani aliuvunja?"

Yule mwanamume akageuka ghafla. Uso ulimbadilika, shingo ikasimama. "Je, si wewe? Je, hukuuvunja wewe kwa mchi, ukakimbia kwa shangazi, ukaniacha mimi nichapwe?"

"Mimi!" Mwanaheri akang'aka. "Mwongo mkubwa wee! Wewe ndiye uliyepanda juu yake kuiba nazi! Miaka thelathini unanisingizia, huoni haya?"

"Je, nazi zilikuwa upande ule?"

"Zilikuwa upande ule, ndiyo! Na ukome!"

Walikuwa wanapigiana kelele uso kwa uso, na uwanja mzima umegeuka kuwatazama. Mwanaheri alijikuta ana hasira kali ya kitoto, hasira ambayo hakuna mtu mwingine duniani aliyewahi kumpa. Tapeli angemkubalia. Tapeli angesema, naam dada, ni mimi niliyevunja, nisamehe. Ni nani mwingine angeng'ang'ania uongo wa mtungi baada ya miaka yote hiyo, na uhuru wake ukiwa mikononi mwa huyohuyo anayemgombeza?

"Je, si amenisimulia habari ya mtungi huo mara arobaini?" akauliza Koi, mdomo umejaa. "Je, mimi mwenyewe nisingeweza kugomba vilevile?"

Ikarudi ile shaka. Mwanaheri akafumba macho. Kumkwaruza alikwisha kumkwaruza, kumnusa alikwisha kumnusa. Hakikubaki kipimo. Ngoma ya adhuhuri ilianza kulia upande wa lango, na makarani wakachovya kalamu zao.

"Mimi Mwanaheri binti Athumani," akasema kwa sauti, "ni dada yake mtu huyu. Mama yetu ni mmoja."

Wakaandika. Ubao mpya ukasimikwa, wa zamani ukang'olewa, na udongo uliokuwa chini yake ulikuwa mkavu na umeshikana kwa miaka saba. Mbaraka akainua mguu mmoja kama asiyeamini kwamba ni wake, akayumba, na Mwanaheri akamdaka kwapani. Alimwelekeza upesi upesi, amri juu ya amri, kwa kuwa amri haziandikwi. Nenda kwa kadhi moja kwa moja. Usipitie kwa shemeji. Mwonyeshe mama uso wako kwanza, kisha ndiyo ule. Chukua mzigo wangu na mkate uliomo. Usinywe maji ya njiani kabla ya kuyatazama.

Mbaraka alikuwa analia waziwazi. Akamshika mikono, akavuta pumzi, na kwa mara ya kwanza tangu wakutane sauti yake haikupanda mwishoni. "Dada," akasema, "nita—"

Mwanaheri akamziba mdomo kwa kiganja, kwa nguvu, mpaka meno yake yakaumia. Kalamu ya karani ilikwisha kuwa hewani. Lile alilokuwa anataka kulisikia kuliko kitu chochote duniani lilikuwa pale, joto lake linampiga kwenye vidole, na akalisukuma lirudi ndani.

"Nyamaza," akamwambia. "Usiseme. Nenda."

Alipouondoa mkono, Mbaraka akalimeza neno lake. Akainama chini kabisa mbele ya miguu yake. "Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu."

Akaenda zake. Alitembea vibaya, kama mtu anayejifunza, akashika njia ya lango, akapita katikati ya mbao bila kugeuka. Mwanaheri alimfuata kwa macho. Kwa nyuma alikuwa mwanamume mnene mwenye mvi, amebeba mzigo, na kwa nyuma aliweza kuwa mtu yeyote. Lango likafunguliwa, likafungwa.

Bwana Sheng akaja akasimama karibu naye, mikono nyuma, sauti laini kuliko zote. "Je, unadhani atarudi?"

Uwanja mzima ulitega masikio. Koi akamkonyeza, akamwonyesha kwa midomo bila kutoa sauti: jibu kwa swali, jibu kwa swali! Kila mtu wa Shini angejua la kusema. Je, nani ajuaye? Je, njia si ndefu? Maneno hayo hayamgharimu mtu hata hatua moja, na Mwanaheri alikwisha kuyajifunza yote kwa siku moja.

"Atarudi," akasema Mwanaheri.

Karani akaleta ubao wa pili. Mwanaheri akasogea kidogo, wapate nafasi ya kuusimika.